Kwa bosi, kwenye fremu au nyumbani: fundi cherehani wa Kigoma achague wapi?

Fundi aliyekaa kwenye cherehani miaka minne au mitano, mkono umetulia na wateja wanamwulizia kwa jina, hufika mahali akaanza kujiuliza. Abaki ofisini kwa bosi, analipwa kwa idadi ya nguo? Achukue fremu yake, yaani chumba cha biashara cha kupanga, Mwanga au Ujiji? Au aiweke cherehani sebuleni, ashone oda za mtaani huku akiendelea na shughuli nyingine? Ushauri wa vijiweni huwa wa haraka: chukua fremu, utatumwa mpaka lini? Lakini wapo mafundi wazuri ambao fremu iliwarudisha kwa mabosi wao wakiwa na deni, na wapo wanaoshona nyumbani kimya kimya na ada za watoto zinalipwa.

Njia hizo tatu tunazilinganisha kwa vigezo vilevile: pesa ya kuanzia, kinachobaki mkononi baada ya kila nguo, nani anabeba hasara kitambaa kikiharibika, kila njia inavyovuka miezi mikavu, jina na mishono vinabaki kwa nani, na mwisho muda na mwili wa fundi mwenyewe. Kwa mji huu tunakipa uzito mkubwa zaidi kigezo cha nne, cha miezi mikavu. Bei zote humu ni za mfano tu, ili hesabu ionekane. Weka za mtaa wako, ukokotoaji ni uleule.

Pesa ya kuanzia

Kwa bosi unaingia na mkasi wako, tepu na chaki. Ofisi nyingine zinataka uje na cherehani yako. Hapo mgao wako lazima uwe mkubwa zaidi, kwa sababu sindano, mkanda na matengenezo vitakuwa juu yako. Hilo liulizwe siku ya kwanza, si mwisho wa mwezi.

Fremu ndiyo inayomeza. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 3, 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, na fremu iliyo njia ya kuelekea sokoni inaweza kudaiwa kilemba, malipo ya kuachiwa nafasi, juu yake. Kodi ya 60,000 kwa mwezi, ukilipa miezi 6, ni 360,000 kabla hujanunua hata taa. Bado cherehani, pasi, kioo, pazia la mahali pa kujaribia nguo na meza ya kukatia. Meza usiibane: upana usipungue sentimita 120, maana kitenge chenyewe kina upana wa sentimita 115 hivi, na kimo kiwe sentimita 90 ili usikate huku umeinama. Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, inaweza kusubiri. Peleka nguo kwa jirani akupigie kwa malipo ya kila nguo, mpaka malipo hayo kwa mwezi yaanze kufanana na rejesho la mkopo wa mashine.

Halafu kuna karatasi. TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa bure na Mamlaka ya Mapato (TRA). Leseni ya biashara inatoka Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na utaulizwa mkataba wa pango. Hapa ndipo wengi hushtuka: mpangaji wa biashara anatakiwa kukata 10% ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Ukishamlipa mwenye nyumba yote, ile 10% utaitoa mfukoni mwako. Kaeni mkubaliane na mliandike kwenye mkataba kabla hela haijatoka. Kuhusu kodi ya mapato, mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi katika mfumo wa makadirio. Ukivuka hapo, anayetunza kumbukumbu za mauzo analipa kidogo kuliko asiyetunza, kwa hiyo daftari la kila siku lina faida yake ya shilingi.

Nyumbani unahitaji cherehani na pasi, meza ya chakula inafanya kazi ya kukatia. Gharama inayosahaulika ni umeme. Nyumba nyingi ziko kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, na pasi ya wati 1,000 inakula uniti 1 kwa kila saa inayovuta umeme. Ukipiga pasi kila siku unaweza kuvuka uniti 75 bila kujua, na bei ya uniti ikapanda kwa nyumba nzima. Cherehani ya miguu na pasi ya mkaa bado vina kazi.

Kwa njia mbili hizi za mwisho utanunua cherehani, na pengine iliyotumika. Usiinunue kwa kuitazama. Nenda na vipande vyako vya kitenge, uzi wako na sindano mpya namba 14. Zungusha gurudumu kwa mkono: liende laini mzunguko mzima, lisikwame sehemu moja. Shona tabaka 2, kisha 4, kisha vuka kutoka 2 kwenda 4 bila kusimama, kama unavyovuka mshono wa pembeni ukipinda gauni. Mshono ukiruka na sindano ni mpya, sindano na ndoano inayoshika uzi wa chini hazikutani kwa wakati, na hilo ni la fundi mashine. Punguza bei au ondoka. Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa, usiilaumu bobini kwanza. Mara nyingi ni uzi wa juu uliolegea au haukupita katikati ya sahani za kukazia, jambo la dakika moja.

Kinachobaki baada ya nguo moja

Tuchukue gauni la kitenge, mteja kaleta kitambaa, kushona ni 20,000. Zipu 1,000, bitana 4,000, uzi na kitambaa cha gundi cha shingoni 1,000. Jumla 6,000, inabaki 14,000.

Kwa bosi, mkigawana nusu kwa nusu baada ya kutoa vifaa, unaondoka na 7,000. Ukishona nguo 40 kwa mwezi ni 280,000, na hakuna bili inayokufuata.

Kwenye fremu ile 14,000 ni yako yote, lakini mwezi una gharama zake: kodi 60,000, umeme 15,000, mlinzi na usafi 10,000, akiba ya leseni na kodi ya mapato 15,000, matengenezo 10,000. Jumla 110,000. Ukishona nguo 15, kila moja inabeba zaidi ya 7,300 ya gharama hizo na wewe unabaki na chini ya 6,700, pungufu ya fundi wa bosi. Ukifika 16, kila nguo inaanza kukulipa zaidi ya ile 7,000.

Wengi wanaishia hapo na kusema basi, nguo 16 zinapatikana. Hiyo hesabu haijakamilika. Ofisini kwa bosi ulikuwa unapata nguo 40 kwa sababu ofisi ina jina lake. Ili fremu ikupe 280,000 ileile unahitaji nguo 28 kwa mwezi, yaani karibu 7 kila wiki, kutoka kwa wateja wanaokujua wewe. Hiyo 28 ndiyo namba ya kuiandika ukutani.

Nyumbani mteja hatakupa bei ya fremu. Tuseme analipa 16,000. Toa vifaa 6,000, inabaki 10,000. Umeme na nauli ya kufuata zipu na bitana sokoni tuseme 15,000 kwa mwezi. Nguo 15 zinakupa 135,000, na hakuna kodi ya fremu inayokungoja. Kwa nguo chache nyumbani inaishinda fremu wazi: kwa nguo hizo 15 fremu ingekupa 100,000. Kwa nguo nyingi fremu inaipita, maana kila nguo inayoongezeka fremu inapata 14,000 na nyumbani 10,000.

Kitambaa kikiharibika

Kitenge cha yadi 6 ni kama mita 5.5, na mteja anakileta akiwa na picha ya mshono kwenye simu. Makosa yanayokiua ni yaleyale: kukata kabla ya kuloweka, pamba ikaja kujikunja baada ya kufuliwa na gauni likabana, kukata pande moja maua yanatazama juu na nyingine yanatazama chini, kulipeleka duara kubwa la kitenge upande mmoja wa kifua badala ya kulisawazisha katikati. Kosa la mwisho halirekebishiki. Vitenge huingia kwa mizigo, na rangi iliyokuwepo mwezi uliopita huenda isiwepo tena sokoni, kwa hiyo kurudisha hela peke yake hakumridhishi mteja aliyekuwa na sare ya harusi.

Kwa bosi, hasara inategemea mlivyopatana. Ofisi nyingine bosi analipa na kukukata kidogo kidogo, nyingine unalipa yote. Swali la kuuliza: anayekata ni nani? Kama bosi au mkata wake ndiye anayekata na wewe unashona tu, kosa la kukata lisiwe lako.

Kwenye fremu hasara yote ni yako, pamoja na nguo zisizochukuliwa. Hizi ndizo zinazokausha fremu nyingi: zimeshonwa, zina bitana yako na zipu yako, zinaning'inia. Dawa ni kianzio.

"Fundi, naomba nikupe yote siku ya kuchukua."
"Sawa mama yangu, ila uniachie ya bitana na zipu, nyingine utamalizia."

Kianzio kisipungue gharama ya vifaa. Kwa sare za kikundi kiwe nusu. Daftari liwe na ukurasa kwa kila oda: jina, simu, bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, tarehe, kilicholipwa, na kipande kidogo cha kitambaa chenyewe kilichobanwa kwa pini. Kipande hicho kinamaliza ubishi wa "changu hakikuwa hiki" kabla haujaanza.

Nyumbani hasara ni yako vilevile, lakini wateja ni majirani, mama wadogo na mashemeji. Kudai kianzio kwa shangazi ni kugumu, na ndipo faida inapovuja. Anayeshona nyumbani aweke bei zake kwenye karatasi ukutani, ili karatasi ndiyo iseme.

Miezi mikavu

Hela ya Kigoma inafuata Ziwa Tanganyika. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika. Kwa mteja wa Kibirizi au Katonga, mfukoni kuna hela wakati wa giza, mbalamwezi anakuomba umsubiri. Fundi anayejua hili anapanga tarehe za kuchukua nguo ziangukie kwenye giza. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi 3 hiyo haimgusi mvuvi peke yake. Mama muuza dagaa, mbeba mizigo, dereva wa bodaboda wa mwaloni (mitumbwi inapotia nanga), wote wanaahirisha gauni.

Upande wa pili kuna misimu ya kujaa: Idd, ambayo Ujiji huijaza kanzu na mabaibui na ambayo kila mwaka inarudi nyuma siku 11 hivi, Krismasi, Januari shule zinapofunguliwa, na harusi.

Fundi wa bosi mwezi mkavu anapata kidogo au hapati, ila hadaiwi. Anaweza kupumzika wiki mbili akaenda shambani Kasulu na kurudi. Hatari yake ni kwamba kazi ikipungua, bosi anaanza kuwapa mafundi wa zamani, wa mwisho kuja anakaa bure.

Kwenye fremu kodi haijui mbalamwezi. Usifungue bila akiba ya gharama za miezi 3 iliyotengwa mbali na mtaji. Kwa mfano wetu ni 330,000. Na uwe na kazi ya kujaza pengo. Sare za shule ndizo bora hapa: shona kuanzia Oktoba, uza Januari, ukilenga darasa la kwanza na kidato cha kwanza kwa kuwa hao hawana za zamani. Chagua shule mbili za karibu yako, si sita, maana kila shule ina rangi yake na kitambaa kilichobaki cha shule moja hakiendi nyingine. Anayetaka kazi za taasisi za umma ajue zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, na taasisi hizo zinatakiwa kutenga 30% ya manunuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi chenye karatasi zake kinaweza kuingia hapo. Fundi mmoja asiye na karatasi hawezi.

Nyumbani ndiko mwezi mkavu unakopita kwa amani zaidi. Gharama ni ndogo, na shughuli nyingine, iwe mawese, genge au kazi ya ofisini, inabeba chakula. Bei yake inaonekana msimu wa kujaa: Idd inapokaribia huna nafasi, huna msaidizi, na mteja uliyemkataa anaenda kwenye fremu na huenda asirudi.

Jina na mishono

Kwa bosi mteja ni wa ofisi. Mshono uliobuni wewe utatundikwa mlangoni chini ya jina la bosi, na hilo ni haki yake kwa kuwa mteja kaingia kwake. Unaloweza kuomba ni ruhusa ya kupiga picha kazi zako na kuziweka kwenye simu yako. Omba waziwazi. Kuchukua namba za wateja kwa siri kunaharibu jina mapema, na mji huu si mkubwa.

Fremu inakupa bango na mahali pa kutundika mshono wako mwenyewe. Utaigwa ndani ya wiki, na kuzuia mshono usiigwe ni vigumu. Kinachoigwa kwa shida ni mkato: bega linalokaa, zipu isiyopinda, ndani palipofungwa vizuri. Huko ndiko ubunifu uwekezwe.

Nyumbani jina linakua polepole kwa midomo ya watu na picha za WhatsApp. Linatosha kwa nguo 15 kwa mwezi. Kwa 40 halitoshi.

Na kwa yeyote kati ya watatu aliyejifunzia kazini, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa na kupewa cheti bila kuanza kozi upya. Kina maana zaidi kwa anayefikiria zabuni au kufundisha.

Muda na mwili

Kwa bosi saa zinajulikana. Kwenye fremu nusu ya siku inaliwa na kupokea wateja, kufuata vifaa na kudai madeni, na unashona usiku. Nyumbani mtoto, mgeni na jiko vinakatiza kila saa. Mgongo unaumia kote. Kiti kiwe kwenye kimo ambacho viwiko vinafika sawa na meza ya cherehani, na taa iwe upande wa sindano.

Kwa hali yako

Ukiwa chini ya miaka miwili kwenye fani, au bado hujajikatia suti na kola bila msaada, kwa bosi ndiko kunakokufaa. Chagua ofisi yenye kazi ngumu hata kama mgao ni mdogo kidogo, na andika kila nguo uliyoshona.

Ukiwa na watoto wadogo, mgonjwa nyumbani, au kipato kingine usichotaka kukiacha, shona nyumbani. Weka kikomo cha nguo kwa wiki na ukitaje kwa mteja kabla hajakuachia kitambaa.

Ukiwa na wateja wanaokutafuta wewe kwa jina, hesabu kwanza. Kwa miezi 3 andika ni nguo ngapi zilizoletwa kwa ajili yako, si kwa ajili ya ofisi. Zikikaribia 28 kwa mwezi, au namba yako baada ya kuweka bei zako, na akiba ya miezi 3 ipo, fremu inakusubiri. Zikiwa 15, nyumbani itakulipa vizuri zaidi kwa sasa.

Kama wateja wako wengi wanatoka mwaloni, usianze kodi ya fremu Mei. Anza Oktoba au Novemba, uingie na sare na Krismasi.

Kama mtaji ndio unaokosekana, angalia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile 10% ya mapato ya ndani: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana hukopeshwa kwa vikundi. Mkopo ununue mashine, usilipe kodi ya pango. Mambo yakiwa magumu mashine inauzika, au inarudi nyumbani na kuendelea kushona. Kodi iliyolipwa haifanyi lolote kati ya hayo.

Na kama mko mafundi wawili au watatu mnaoaminiana, lakini kila mmoja ana nguo 12 au 15, chukueni fremu moja mgawane ile 110,000. Kila mtu awe na wateja wake na daftari lake. Cha pamoja kiwe kodi, umeme na ovaloki. Muandike pia nani anabaki na fremu mmoja akiondoka.